Lenzi ikirudi mbovu kuliko ilivyokwenda, kituo kilichoipokea kilipe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalowasibu wapiga picha wengi hapa Pwani, na ambalo hadi leo kila mmoja wetu analimeza peke yake. Mtu anapeleka kamera au lenzi kwenye kituo rasmi cha kampuni iliyoitengeneza, analipa, anasubiri, kisha kifaa kinarudi na kasoro ambayo hakikwenda nayo. Akilalamika anaonyeshwa sahihi yake.

Mimi ni mwanamke, mpiga picha wa harusi, nakaa Mombasa. Kazi yangu kubwa ni kupamba, usiku ule ambao bi harusi hukaa jukwaani mbele ya kina mama peke yao. Mwanamume haingii. Familia nyingi siku hizi hutaka hata simu ziachwe mlangoni, kwa sababu mle ndani mabuibui yamevuliwa na watu wamejipamba, na picha zinazopigwa mle ni amana. Ndiyo maana hutafutwa mpiga picha wa kike, tena anayeaminika. Ukumbi huwa na taa za rangi zinazobadilika kila mara, watoto wanapita, na safu ya kwanza wamekaa mabibi na mashangazi ambao si adabu kuwasimamia mbele. Kwa hiyo chombo changu cha kazi ni lenzi ya kuvuta, ya milimita 70 hadi 200, yenye uwazi wa f/2.8, yaani tundu lake la mwanga hufunguka sana. Nasimama nyuma kabisa, na bado napata maua ya piko mkononi mwa bi harusi, jani kwa jani. Niliinunua kwa pesa za chama, KSh 190,000, nayo ilikuwa ya mkono wa pili. Mwenye kazi hii anajua pesa hizo ni harusi ngapi.

Baada ya shughuli moja ya ufuoni Diani, pete ya kuvuta ilianza kuwa nzito. Ukiizungusha unasikia mchanga ukikwaruza ndani. Picha zenyewe zilikuwa safi, nalirudia hilo kwa makusudi: picha zilikuwa safi pande zote, na tatizo lilikuwa pete tu. Niliamua kuitengeneza mwezi wa Ramadhani, maana mwezi huo hatuna harusi, ili Mfunguo Mosi ukiingia na ndoa zikaanza kufuatana, iwe mkononi mwangu.

Nilianzia kwa fundi mzee wa hapa mjini ambaye wapiga picha wa Mombasa wamemtegemea tangu enzi za filamu. Nataka nieleze anavyofanya kazi, kwa sababu ndicho kipimo changu. Akipokea kifaa hutandika kitambaa cheupe mezani na kukuweka ukae mbele yake. Huchukua karatasi akachora umbo la kifaa, na kila skrubu anayoitoa huigandisha kwa utepe mahali pake kwenye mchoro ule, ili ya juu isirudi chini na fupi isiingie kwenye tundu la ndefu. Akimaliza hukupa kijifuko chenye kila kipande kibovu alichokitoa. Huyo fundi aliitazama lenzi yangu, akaizungusha karibu na sikio, akaniambia kwamba mchanga anaweza kuutoa, lakini ndani mna mota ya fokasi na kioo kinachotuliza mtikisiko wa mkono, na vitu hivyo vikishafunguliwa vinataka kupimwa upya kwa programu ya kampuni. Programu hiyo hauziwi mtu kama yeye, na vipuri pia hauziwi. Akanishauri niwapelekee wenyewe. Namheshimu kwa kukataa kazi ambayo alijua hataweza kuifikisha mwisho.

Basi nikapanda treni nikaipeleka mwenyewe kwenye kituo rasmi cha kampuni, Nairobi, nikiwa nimeipakata. Pale kaunta, mhudumu aliandika namba ya lenzi na maelezo mafupi kwamba pete ni nzito. Nikamwomba aandike pia kwamba vioo ni safi, kwamba hakuna mkwaruzo, na kwamba skrubu zote zipo. Akaniambia mfumo wa kompyuta hauna mahali pa kuandika hayo. Nikaomba basi aipige picha, kwa simu tu. Akasema si utaratibu wao. Makadirio yalipokuja yalikuwa KSh 38,500, nikalipa kwa M-Pesa bila kubishana, kwa sababu nilitaka kazi ifanywe na watu walioipima lenzi ile ilipotoka kiwandani.

Lenzi ikarudishwa kwa wakala wao hapa Mombasa, ndani ya boksi lililofungwa kwa utepe. Nilitaka kulifungua kabla ya kutia sahihi. Nikaambiwa mzigo hautoki bila sahihi. Karatasi yenyewe ilikuwa imekwisha chapwa kwamba mteja amepokea kifaa chake kikiwa katika hali nzuri, kilichobaki ni jina na tarehe. Nyuma yangu watu wamepanga foleni. Nikatia sahihi, nikafungua boksi palepale pembeni.

Kwanza haki itendeke: pete ilikuwa laini, mchanga umekwisha. Hiyo kazi niliyolipia ilifanyika. Lakini nilipoigeuza lenzi nyuma, kwenye bamba la chuma linaloshikana na kamera, skrubu moja haikuwepo. Mbili nyingine vichwa vyake vimeliwa na bisibisi isiyo saizi yake, rangi imetoka na chuma kinang'aa. Nikawasha tochi ya simu, nikamulika ndani kutoka mbele. Nyuma ya kioo cha pili, karibu na ukingo, palikuwa na alama ya kidole. Si ukungu wala vumbi. Ni alama ya kidole kamili, mistari ya ngozi inaonekana mmoja mmoja, upande wa ndani ambako hakuna mteja duniani anayeweza kufikisha mkono wake bila kuifungua lenzi. Mtu wa bara anaweza kusema alama ya kidole ni jambo dogo. Sisi tunaoishi na unyevu wa bahari tunajua kwamba kuvu la kwenye vioo hupenda kuanzia palepale penye mafuta ya ngozi, na likishashika huchora utando ambao hata ukiusafisha huacha kovu kwenye rangi ya kinga ya kioo.

Kubwa kuliko yote nililiona usiku ule nyumbani. Picha zilikuwa kali upande wa kushoto, na upande wa kulia zimefifia. Lenzi ya namna hii ina vioo karibu ishirini, vingine vimekaa juu ya vijibanzi vyembamba vinavyowekwa kiwandani ili kila kimoja kilingane na mwenzake. Ukivitoa ukavirudisha bila kuvipima kwenye mashine, kimoja kikilala upande kwa unene wa unywele, nusu ya picha inaharibika. Hicho ndicho kilichotokea.

Na harusi ilikuwa kesho yake. Nilipiga simu kwa kila mtu ninayemjua anayekodisha lenzi Mombasa. Msimu ulikuwa umeanza na zote zilikuwa kazini. Nikaenda na ileile. Usiku kucha nilimweka bi harusi upande wa kushoto wa fremu, kila picha, na nikamshukuru Mungu kwamba yeye katoka vizuri. Lakini bi harusi hakai peke yake. Kuliani kwake alikaa bibi yake, aliyemlea, aliyemsinga kwa mkono wake, mama mtu mzima aliyesafiri kutoka Lamu kwa ajili ya siku ile. Katika picha zote za jukwaani uso wa bibi huyo umefifia. Familia waliniuliza, kwa upole, kwa nini. Niliwarudishia sehemu ya malipo, wakapokea, tukaagana vizuri. Picha za bibi haziwezi kurudishwa na yeyote.

Kuanzia hapo nimekuwa nikikodi lenzi kwa KSh 3,500 kila shughuli, na nikiandikiana na kituo.

Jibu lao la kwanza lilikuwa kwamba lenzi imepimwa na iko ndani ya viwango vya kiwanda. Hawakuambatisha picha ya kipimo, wala kusema ilipimwa kwa uwazi gani. Ni jambo muhimu hilo, kwa sababu ukiibana lenzi hadi f/8, tundu la mwanga likawa dogo, kasoro hii hupungua sana, na kwa f/2.8, ambao ndio uwazi tunaoulipia pesa nyingi na ndio tunaoutumia ukumbini usiku, inaonekana wazi. Jibu la pili walitaka niwatumie picha halisi za kazi zinazoonyesha tatizo. Nilikataa, na ningekataa tena. Picha hizo ni za wake za watu na mabinti wa watu waliovaa wakijua wanatazamwa na wanawake wenzao tu. Siwezi kuziweka kwenye barua pepe zikasomwe na ofisi nzima ili nithibitishe kwamba lenzi yangu imeharibiwa.

Badala yake nilifanya jaribio ambalo mpiga picha yeyote anaweza kulirudia. Nilichukua kurasa za gazeti hili, nikazibandika ukutani zikiwa zimenyooka, safu kwa safu. Nikaiweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, usawa wa katikati ya ukurasa, nikaweka f/2.8, nikaiacha ijifyatue yenyewe baada ya sekunde 2 ili mkono wangu usihusike. Upande wa kushoto unasoma hadi matangazo ya vifo, herufi ndogo kabisa. Upande wa kulia hata vichwa vya habari vina kivuli, kila herufi imeandamana na mwenzake. Kisha nikaigeuza kamera juu chini, nikapiga tena ukuta uleule. Safari hii kufifia kumehamia upande wa kushoto wa gazeti. Maana yake ukuta hauna kosa na gazeti halina kosa. Kasoro imo ndani ya lenzi na inageuka pamoja nayo. Nikawatumia picha zote.

Jibu la tatu likasema huenda lenzi iligongwa wakati wa kusafirishwa. Boksi walilifunga wao. Kampuni ya kusafirisha waliichagua wao. Na hata tukikubali kwamba liliangushwa njiani, kuanguka hakuwezi kung'oa skrubu na kuipotezea mbali, wala hakuwezi kuweka alama ya kidole ndani ya kioo. Mwisho wakaniambia niirudishe lenzi Nairobi pamoja na ada ya uchunguzi ya KSh 4,500, ambayo nitarudishiwa ikionekana kosa ni lao. Atakayeamua kosa ni la nani ni wao wenyewe. Na kila barua inamalizika kwa kunikumbusha kwamba nilitia sahihi kupokea kifaa katika hali nzuri.

Nimezungumza na wapiga picha wenzangu, wa harusi, wa michezo na wa hoteli za ufuoni, nikakuta kila mmoja ana lake. Mmoja kamera ilikwenda kubadilishwa kitufe, ikarudi na nywele juu ya sensa, kile kibamba cha ndani kinachonasa picha. Mwingine alirudishiwa lenzi bila kifuniko chake cha nyuma na bila kile kikombe cha mbele cha kuzuia mwanga. Wote wawili walinyamaza, kwa hofu kwamba ukijulikana kama mteja msumbufu kifaa chako kijacho kitawekwa chini ya rundo. Kampuni ikiwa ndiyo peke yake yenye vipuri na programu, hofu hiyo ina msingi, kwa sababu huna mlango mwingine wa kubisha. Huko Marekani jimbo la California limetunga sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, inayowalazimu watengenezaji wa vifaa vingi vya elektroniki kuwauzia wenye vifaa na mafundi huru vipuri, zana na maelekezo ya kutengenezea. Kwa bidhaa yenye bei ya jumla ya dola 100 na zaidi, wajibu huo hudumu miaka 7 baada ya modeli hiyo kuacha kutengenezwa. Kama wanaweza kumpa fundi wa huko, wanaweza kumpa na yule mzee wetu wa kitambaa cheupe.

Lakini sihitaji kusubiri sheria ya California. Zetu zipo. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro katika bidhaa au huduma hizo. Huduma imetajwa humo waziwazi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima inayohusu utengenezaji wa magari na bidhaa nyingine, na ndiyo inayotaka mteja apewe makadirio kabla ya kutozwa. Na kwa mtu kama mimi, ambaye wakili angemla pesa nyingi kuliko lenzi yenyewe, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi KSh milioni 1, yakiwemo ya uharibifu wa mali. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mombasa tunayo. Nawaomba wapiga picha wenzangu walijue hili, kwa sababu wengi niliozungumza nao hawakulijua.

Wapo watakaosema kwamba wateja nao ni wajanja, wanaangusha vifaa vyao kisha wanakilaumu kituo. Ni kweli wapo, na watu wa kaunta wamechoka nao. Lakini dawa ya ujanja huo ndiyo ileile niliyoiomba siku ya kwanza nikanyimwa. Ukienda kukodi gari hapa Mombasa, mwenye gari huzunguka nalo pamoja nawe, kila mkwaruzo unawekwa alama kwenye karatasi kabla hujapewa ufunguo, na likirudi mnazunguka tena. Lenzi ya KSh 190,000 haistahili hata dakika tano za namna hiyo?

Ninalowataka vituo rasmi na mawakala wao wafanye si gumu. Kifaa kipokelewe mbele ya mwenyewe, kipigwe picha nje na ndani kwa tochi, na hali yake iandikwe pamoja na kila kilichokuja nacho. Lenzi ipigiwe picha ya kipimo kwa uwazi wake mkubwa kabla ya kufunguliwa na baada ya kufungwa, na mteja apewe zote mbili. Vipande vilivyobadilishwa virudishwe. Boksi lifunguliwe kwanza, kifaa kijaribiwe, ndipo sahihi itiwe, na ile karatasi iliyochapwa mapema kwamba kila kitu ni kizuri iondolewe. Kukitokea kasoro mpya, mteja asibebeshwe mzigo wa kuthibitisha wala nauli ya kurudisha, na aazimwe kifaa cha kufanyia kazi hadi chake kitengemae, maana kwetu sisi hiki ni chakula cha watoto na ada za shule. Na wakala aliyepokea pesa Mombasa ajibu Mombasa. Mteja asiambiwe aandikie Nairobi, na Nairobi isimwambie aandikie Dubai. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo kulinda watumiaji ni sehemu ya kazi yake, ina uwezo wa kuwaita hawa na kuwataka waonyeshe fomu wanazotumia. Nawaomba waanze na hiyo karatasi ya kupokelea mzigo.

Kituo kilichoniharibia lenzi sikitaji hapa jina, kwa sababu nimewapa siku 14 kujibu barua yangu ya madai na nataka niwape nafasi hiyo kwa haki. Wakati huohuo lenzi nimeiweka ndani ya mkebe usiopitisha hewa pamoja na vijifuko vya kukausha unyevu. Hakuna fundi mwingine atakayeigusa hadi mwamuzi wa mahakama aimulike kwa tochi yeye mwenyewe. Ninachodai ni KSh 38,500 nilizolipa, gharama za lenzi nilizokodi tangu siku niliyoipokea, na lenzi ya aina ileile iliyo kali pande zote mbili.

Mpiga picha wa harusi,
Mji wa Kale, Mombasa.
(Jina na anwani anavyo mhariri.)